Joto Ndani ya Kompyuta ya Valerian

Kila asubuhi Jovina alifagia uwanja, akachemsha chai, akampelekea mama yake. Kisha aliingia chumbani kwa kaka yake, akakaa mbele ya kompyuta. Kazi yake ilikuwa kutengeneza video za harusi. Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha pale Kibamba.

Kompyuta ile aliiunda kaka yake, Valerian. Alitafuta vifaa kimoja kimoja, akavipanga ndani ya boksi dogo la chuma. Mwaka jana Valerian alifariki kwa ajali ya pikipiki. Baada ya mazishi, mama yake, Anjelina, aliiacha skrini mezani, akaiweka kompyuta yenyewe ndani ya kabati, akaifunika kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe.

"Isiingie vumbi," alisema. "Na mtu asiifungue. Vale aliifunga kwa mikono yake."

Siku moja kompyuta ilizimika katikati ya kazi. Jovina akaiwasha. Ikazimika tena. Aligusa boksi, akautoa mkono haraka. Lilikuwa la moto kama pasi. Na harusi ya watu ilikuwa humo.

"Mama, inaunguza. Nimwite dada Hamida?"

"Aje aifungue? Hapana."

"Sasa ikifa je, mama?"

Anjelina alikipapasa kile kitambaa. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Haya, mwite."

Hamida alikuwa jirani yao, fundi wa kompyuta.

"Shikamoo, mama Vale."

"Marahaba, mwanangu."

Hamida alichomoa waya kwenye umeme, akasubiri kompyuta ipoe. Kisha akakikunja kile kitambaa taratibu, akampa mama.

"Mama, kompyuta ikifanya kazi inatoa joto," alisema. "Hii ni ndogo, vifaa vyake vimebanana. Feni inavuta hewa ya nje, halafu hewa ya moto inatoka. Ukiifunika kabatini, hewa ya moto inabaki humo humo. Joto likizidi, inajizima isiungue."

"Kumbe mie ndiye niliyekuwa naiua?"

"Ulikuwa unaitunza, mama. Hukujua tu."

Akaifungua. Vumbi lilikuwa limeziba matundu yote. Hamida aliizuia feni kwa kidole isizunguke, akalitoa vumbi kwa brashi laini. Nyaya zilizokaa kwenye njia ya hewa akazifunga pembeni. Kisha akafungua chuma cha kupozea kilichokaa juu ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Katikati palikuwa na dawa ya kijivu, imekauka na kupasukapasuka.

"Dawa hii inapitisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye chuma," alisema. "Ikikauka hivi haisaidii. Lazima tuifute, tupake nyingine."

"Aliipaka Vale?"

"Ndiyo, mama."

Anjelina akanyoosha mkono. "Nipe nifute mie."

Hamida alimpa pamba yenye spiriti. Anjelina akafuta polepole. Msibani hakulia, na watu walimsifu kwa kujikaza. Sasa machozi yalimtoka, akageuza uso yasidondokee kwenye kompyuta. Hakuna aliyemharakisha.

Alipomaliza, Hamida alipaka dawa mpya, tone dogo kama mbaazi, akakirudisha chuma na kukikaza. Kompyuta wakaiweka juu ya meza, mbali na ukuta na jua. Jovina akaiwasha, akafungua programu inayoonyesha joto. Joto lilipanda kidogo, likatulia.

Wenye harusi walipata video yao. Tangu siku ile kompyuta haijazimika tena.

Kila mwezi Anjelina huitoa vumbi mwenyewe. Huchomoa waya, husubiri ipoe, ndipo huchukua brashi. Jovina akitaka kumsaidia, hukataa. Huurudishia mlango. Jovina humsikia mle ndani akimweleza Vale habari za nyumbani: nani kaolewa, nani kahamia Boko, mvua ilivyonyesha.

Jovina hukaa nje, akisubiri mpaka mama amalize.