Mstari wa Kando ya Njia

Kila siku Biira aliporudi kutoka shuleni alikuta Bibi Docus amelala kwa sababu ya goti lililomuuma, na ugali wa muhogo umefunikwa jikoni. Alikula peke yake, akaosha sahani yake moja, kisha akaenda kusimama barabarani kutazama magari yanayotoka Kasese. Mama yake aliuza nguo sokoni huko. Tangu Krismasi hakuwa amekanyaga nyumbani Bwera.

Maharage yalipokauka shambani, mama alipiga simu.

"Mwanangu, gunia likijaa nitakuja mwenyewe kulichukua. Lisipojaa, mpe tu mtu wa boda alilete."

Basi Biira akafanya kazi kama punda. Bibi hakuweza kuinama, kwa hiyo kung'oa, kuanika, kupura na kupepeta, yote yalikuwa yake. Bibi alimpa agizo moja tu.

"Ule mstari wa mwisho, wa kando ya njia, usiuguse. Mungu alisema tusivune mpaka ukingoni. Ule ni wa mgeni na wa asiye na kitu. Mama yangu aliuacha, na mimi ninauacha."

"Mgeni gani, Bibi?"

"Mungu ndiye anayejua. Wewe uache."

Ijumaa gunia lilibakiza sufuria mbili tu kujaa. Biira alilitikisa, akalipigapiga, hata akaliombea, lakini maharage hayaongezeki kwa kupigwapigwa. Akautazama ule mstari. Nani angejua? Bibi hafiki shambani siku hizi. Akaung'oa wote. Jumamosi gunia lilijaa, akalishona mdomo.

Jumapili baada ya ibada walifika mama mmoja na binti yake, wamebeba kikapu kitupu. Mama aliitwa Esperance, binti Kahambu. Walikuwa wamekimbia vita vya Beni, ng'ambo ya mpaka, wakapanga chumba kimoja Mpondwe, mpakani hapo. Bibi ndiye aliyewaambia kanisani waje kuvuna mstari wao. Biira akatumwa awaonyeshe shamba, akatangulia mbele miguu ikiwa mizito.

"Mama, hakuna kitu," Kahambu alisema kwa Kiswahili cha kwao. "Iko udongo tu."

"Pengine tumechelewa," Esperance akajibu. "Si kitu, mutoto yangu. Mungu iko. Twende."

Kahambu aligeuka mara moja kumtazama Biira, kama anayetaka kusema neno. Walikuwa na umri mmoja, miaka kumi na miwili. Biira akainamisha kichwa. Upweke wa kumkosa mama alikuwa ameuzoea. Huu wa kuogopa macho ya mtu ulikuwa mpya, nao uliuma zaidi.

Walipoondoka, Biira alirudi nyumbani mbio. "Bibi, mstari niliung'oa mimi. Uko ndani ya gunia."

Bibi alijiinua, akaketi kitandani. "Ulitaka mama yako aje."

"Ndiyo."

"Hata mimi nataka aje. Ni mwanangu," Bibi alisema. "Lakini maharage yale si yetu. Wenyewe wako Mpondwe."

Biira alikata uzi wa gunia. Akachota sufuria mbili, kisha akaongeza ya tatu, akajitwika na kwenda. Kahambu ndiye aliyefungua mlango.

"Haya ni yenu," Biira alisema. "Niliyachukua mimi. Nisameheni."

Esperance alimtazama sana. Kisha akampokea mzigo. "Asante, mutoto yangu. Ingia, ikala."

Wakakaa mkekani, wakachambua maharage ya kupika.

"Uko na ndugu?" Kahambu aliuliza.

"Sina."

"Mi pia sina tena."

Hawakusema mengine, ila Kahambu alisogea karibu kidogo.

Gunia halikuwa limejaa tena, na Biira alimwambia mama hivyo kwa simu; Jumanne mtu wa boda akaja kulichukua. Mama hakuja. Biira alibaki barabarani, akalia bila kujificha, mpaka aliposikia mtu nyuma yake. Alikuwa Kahambu, ameshika dumu.

"Biira, twende kuchota maji."

Walichota pamoja, wakala pamoja. Kahambu alipoondoka, Biira aliosha sahani mbili, kisha akaenda kuketi karibu na Bibi.

"Bibi, mwishowe nilitii. Mbona Mungu hakumleta mama?"

"Mjukuu wangu, utii si chambo cha kumvulia Mungu," Bibi alisema. "Tunamtii kwa kuwa ndiye Mungu, na baraka huileta mwenyewe, kwa njia anayoitaka. Ulipovunja neno lake, mgeni aliondoka mikono mitupu, nawe ukabaki peke yako na gunia lako. Uliporudi kulitii, mgeni akawa rafiki. Mama yako tutazidi kumwombea. Lakini wewe kila siku unatazama barabara ya Kasese, na baraka yako imekuja kwa ile ya Mpondwe."