Safu Tatu

Saa mbili asubuhi.

Chumba cha nyuma cha duka la matairi. Viti vitatu, na ramani ya ghala iliyochorwa kwa kalamu. Nyundo, mkubwa wa genge, alikuwa amesimama. Breki, dereva, alitafuna kijiti. Karani alikaa kwenye kiti kilichojulikana kuwa ni chake, na kwa ajili ya kiti hicho alikuwa tayari kufungwa.

Msimcheke. Miaka kumi na moja alikuwa akitoa ripoti za ghala la kuhifadhia vito vya watu, na hakuna aliyewahi kumvutia kiti wakati wa chakula. Nyundo ndiye wa kwanza kumwita "mdogo wangu".

"Saa saba walinzi wanabadilishana zamu," Nyundo alisema. "Dakika kumi na mbili. Mdogo wangu, nataka orodha."

"Namba ya sanduku, lilipo, kilichomo."

"Na majina. Na wanapokaa. Bonyeza kile kitufe cha Zote, kama wenzako."

"Ya nini, kaka?"

"Ya baadaye."

Breki akaacha kutafuna. Wote walimkumbuka yule mzee wa mwaka jana, ambaye Nyundo alimfuata nyumbani akamfunga kamba sebuleni mpaka akakata roho. Hakuna aliyemtaja.

Saa sita na dakika arobaini na tano.

Karani aliingia kwenye programu ya ripoti kwa nywila ya ofisi, ile waliyoitumia wote tisa. Safu arobaini na moja za hifadhidata zikajipanga, kila moja na kisanduku cha kuweka alama. Juu kabisa, kitufe: Zote. Wenzake walibonyeza hicho kila siku, mfumo ukakwama, wakaenda kunywa chai. Yeye alichagua safu alizozihitaji tu, na ripoti zake zilitoka hapo hapo. Chanda chema huvikwa pete, wanasema. Chake kilikuwa kitupu miaka yote.

Kidole kikasimama juu ya Zote. Akibonyeza, angebaki na ndugu. Akiacha, basi tena. Aliogopa upweke kuliko jela, na hilo alilijua.

Akaweka alama tatu. Akaituma orodha kwenye simu ya Nyundo.

Saa saba na dakika ishirini.

Masanduku sita yalikuwa yameshavunjwa. Karani alitoka kama mtu anayekwenda kula, akaingia kwenye gari la Breki nyuma ya kituo cha mafuta. Sasa ndipo Nyundo alipoisoma orodha mpaka mwisho.

"Majina yako wapi?"

"Sikuyachagua. Safu tatu zinatosha kuiba, kaka. Zilizobaki ni za kuua."

"Shuka."

"Kaka..."

"Mimi si kaka yako. Ukifungua mdomo, unajifunga mwenyewe. Shuka!"

Breki hakumtazama. Gari likaondoka. Hakupigwa hata kofi, na afadhali wangempiga.

Hakuwa na pa kwenda. Akarudi kazini.

Saa tisa kasorobo.

Msimamizi, mama mwenye miwani, alikuja na polisi wawili mpaka mezani kwake.

"Mfumo unaandika kila ombi la ripoti," alisema taratibu. "Leo kuna maombi sitini. Hamsini na tisa yamechukua kila kitu."

Karani alisimama.

"Moja, robo saa kabla ya wizi, limechukua safu tatu. Ofisi hii nani mwingine anachagua, mwanangu? Miaka yote naona. Kazi yako ni safi. Hata nyumbani huwa nawasimulia."

Macho yakamjaa machozi. "Mbona hukuniambia, mama?"

Mama akavua miwani. "Nilidhani unajua."

Simu zililia meza za pembeni, hakuna aliyepokea. Wenzake wote walikuwa wamesimama, wakimtazama.

Polisi mmoja akamvutia kiti.

"Kaa," alimwambia.