Aliyeongea Hakuwa Florent

Asubuhi moja ya mvua, katika mkutano wa kila siku wa mtandaoni na mteja wao wa Ubelgiji, Kaswera alimsikia bwana Barthélemy akimshukuru Florent kwa maelezo mazuri. Kaswera aliinua kichwa kutoka kwenye kompyuta. Kiti cha Florent kilikuwa kitupu. Kupitia dirishani alimwona yuko uani, amejikinga chini ya bati, anabishana na fundi wa jenereta. Kaski yake ya kusikilizia ilikuwa juu ya meza, waya umeviringishwa kama alivyouacha jana.

Alipomuuliza baadaye, Florent alicheka tu, akasema huenda mzungu amechanganya sauti. Kaswera naye akacheka. Lakini moyoni alijua jambo ambalo hakulisema: hata yeye aliisikia ile sauti. Ilikuwa nzito, ikatanguliwa na kikohozi kidogo kama kawaida ya Florent kabla ya neno la kwanza. Aliisikia, akaandika ilichosema, na wala hakufikiria kutazama kiti.

Kaswera, mwanamke mwenye kampuni hii ndogo, alizaliwa Butembo, akasomea kompyuta Kampala, na aliporudi Goma alikuwa na wazo moja lililomnyima usingizi: kwa nini kazi ya programu ambayo makampuni ya Ulaya huwapa watu wa mbali isifanywe na vijana wa hapa? Ilimchukua muda kupata wa kumsikiliza. Wengi wakisikia jina Goma walifikiria bunduki na volkano, basi, mazungumzo yanaishia hapo. Barthélemy, aliyesimamia malori ya kusafirisha vifurushi kutoka Liège, ndiye wa kwanza aliyesema tujaribu. Alianza na kazi ndogo, kisha akawakabidhi programu nzima ya kuongoza malori yake.

Watu wake Kaswera aliwachagua mmoja mmoja. Florent, mtu wa Beni, ndiye aliyekuwa mkubwa wao kwa umri, mpole na mvumilivu. Viateur alikuwa wa kujaribu kila kipande cha programu kabla hakijatumwa. Mwimbaji wa kwaya, mkono kwenye kompyuta, wimbo mdomoni. Umwiza alikuwa mdogo kuliko wote na mwepesi kuliko wote. Kwao ni Rutshuru. Vita viliwaleta yeye na shangazi yake Léoncie hadi chini huku, na sasa walikaa Munigi, nje kidogo ya mji.

Walipanga nyumba mtaa wa Himbi, iliyokuwa imekaa muda mrefu bila mtu. Ilijengwa juu ya mawe ya volkano kama nyumba nyingi za mji, ila katika chumba cha nyuma, walipotaka kuweka betri za umeme wa jua, sakafu ilikuwa na ufa, na kwenye ufa huo ilipanda hewa ya uvuguvugu yenye harufu ya kiberiti kilichozimwa. Watu wa Goma wanaijua hewa mbaya ya ardhini, mazuku, inayoua mbuzi na watoto mabondeni. Kaswera hakutaka mchezo. Akaita mwashi, ufa ukazibwa kwa saruji.

Ndipo zile sauti zilipoanza, ingawa wakati huo hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili.

Baada ya ile ya Florent, Viateur aliingia kwa Kaswera mchana mmoja, akafunga mlango, akasimama bila kukaa. Alitaka kujua kama ni kweli atafukuzwa mwisho wa mwezi. Kaswera alimwuliza nani amemwambia maneno hayo. Viateur alimtazama kwa muda, kama mtu anayetafuta uongo kwenye uso.

"Ni weye, chef," akamwambia bosi wake taratibu. "Uliniambia weye mwenyewe, mu kaski, mbele ya saa sita."

Kaswera alikana, na kadiri alivyokana ndivyo alivyoona kwamba Viateur haamini. Tangu siku hiyo Viateur hakuimba tena.

Kisha zamu ikawa yake. Alikuwa amevaa kaski ili asisikie kelele za barabarani, hakuna mkutano, hakuna muziki, wakati sauti ya Florent ilipomjia karibu kabisa na sikio, ya chini, ya mtu asiyetaka kusikiwa. Ilimwuliza kama anajua Umwiza anaongeaka na nani ku telephone kila jioni, tena mu Kinyarwanda, lugha ambayo tangu vita ilitosha kumfanya mtu ashukiwe. Kaswera aligeuka. Florent alikuwa amempa mgongo, ameinamia kazi yake. Akadhani amenong'ona kwenye maikrofoni ili wengine wasijue, naye hakumjibu. Lakini jioni alisimama dirishani akamtazama Umwiza aliyekuwa karibu na lango, simu sikioni, anaongea polepole. Yeye Kaswera aliongea Kinande na mama yake kila siku mbele ya watu wote, na hakuna aliyewahi kumsimamia dirishani. Hilo hakulifikiria.

Ofisi ikabadilika. Zamani walikunywa chai ya birika moja. Sasa kila mtu alikuja na termosi yake. Ukipita nyuma ya mtu, anafunika kioo cha kompyuta kwa mwili wake. Florent alianza kuondoka na kaski yake mfukoni. Harufu ya kiberiti ilirudi, hafifu, hasa karibu na meza ambako watu wawili walikuwa wametoka kutazamana vibaya, na kila mmoja alidhani ni betri.

Kilichovunja kila kitu ni simu ya Barthélemy. Alimwambia Kaswera, kwa adabu lakini bila tabasamu, kwamba Umwiza amempigia na kumweleza jinsi timu inavyouza programu yake kwa kampuni nyingine. Alitaka maelezo, la sivyo atatafuta watu nchi nyingine. Kaswera aliapa kwamba si kweli. Akakata simu. Alimwita Florent, na ni Florent aliyesema lile ambalo wote walikuwa wanalizunguka: siku hizi mashine inaweza kuiga sauti ya mtu yeyote. Na hapa ndani ni nani aliyesomea mambo ya sauti na mashine? Kazi ya Umwiza ya kumaliza chuo ilikuwa hiyohiyo.

Ikawa kama mlango umefunguka. Kila kitu kilipata maana. Kaswera hakulala kwa mawazo hayo, na asubuhi alimwita Umwiza, akamwambia arudishe kompyuta na funguo.

Umwiza alisikiliza mpaka mwisho. Akaweka funguo juu ya meza moja baada ya nyingine.

"Chef, kuna kitu hata kimoja umeniuliza?" akasema. "Mutu unamuuliza kwanza, njo unamufukuza."

Kaswera alijibu kwamba uamuzi umeshachukuliwa. Umwiza akavaa koti lake, akatoka kwenye manyunyu, akapanda pikipiki. Hakuna aliyemsindikiza hadi langoni.

Jumatatu iliyofuata walikaa watatu kwenye mkutano. Kompyuta ya Umwiza ilikuwa imezimwa, imefungiwa kabatini. Florent alisema alichofanya, Viateur akasema chake, na Kaswera alipokuwa anakaribia kuaga, sauti ya Umwiza ikaingia, changamfu, ikaeleza kazi ya wiki nzima bila kukosea neno, na Barthélemy kule Liège akawa anaitikia kwa kichwa kwa kuridhika kana kwamba anamwona, kisha sauti ikauliza kwa upole, "Kaswera, sasa nani anafuata?" Florent alivua kaski akaitupa mezani, lakini sauti haikubaki ndani ya kaski, iliendelea chumbani, ikitokea kule nyuma kwenye betri, na harufu ya kiberiti ikajaa hadi macho yakawasha, na wakiwa wamesimama hivyo bila mmoja kuthubutu kumgusa mwenzake walisikia sauti ya Umwiza ikigeuka ya Viateur, ya Viateur ikigeuka ya Florent pamoja na kile kikohozi chake, na ya Florent ikigeuka ya Kaswera mwenyewe, ikiwaambia wote watatu, taratibu, mambo ambayo kila mmoja alikuwa amemfikiria mwenzake na hajawahi kuyatamka.

Walikimbilia uani. Mvua iliwanyeshea, hakuna aliyerudi ndani kuchukua hata koti. Hapo uani, kwa mara ya kwanza, walianza kuulizana. Je, uliniambia hivi? Sikukuambia. Na hili? Wala hilo. Kaswera akaelewa kwamba Umwiza hakuwa na kosa lolote, akaegemea ukuta wa mawe.

Viateur ndiye aliyemleta Mama Angèle, mjane wa kundi la maombi la parokia yao, ambaye watu wa vijiji vya mlima Nyiragongo walimwita pia kwa mambo yasiyosemwa kanisani. Alikuja mchana na maji ya baraka, chumvi, na nyundo. Alisimama kwenye mlango wa chumba cha betri, akanusa, akauliza nani ameziba hapa. Kaswera akasema ni yeye.

Mama Angèle aliwaeleza bila kupandisha sauti. Kiko kitu cha mawe ya moto, bibi yake alikijua. Hakina sauti wala sura yake, huazima za watu, na hukaa penye ugomvi. Nyumba hii ilijengwa na ndugu wawili ambao walikufa hawasemeshani, na majirani wote wanajua hilo, ila mpangaji hakuuliza. Zamani kilipanda na kushuka katika ufa wake. Kaswera na wenzake, kwa kuuziba, walikifungia ndani pamoja nao.

Florent alivunja saruji. Mama Angèle alimwaga chumvi, akarusha maji, akasali, na kila aliposema amina kitu kilimjibu kwa sauti ya mmoja wao, kikiomba, kikitukana, kikilia kama mtoto, naye hakujibu hata mara moja. Mbwa wa jirani walianza kubweka. Vioo vya madirisha vikatetemeka, hewa ya uvuguvugu ikawapita miguuni kuelekea mlangoni, ikatoka. Chumba kikabaki na harufu ya simenti na chumvi tu.

Viateur alikaa chini akalia. Kaswera alimshika mkono Mama Angèle kumshukuru, lakini mama huyo hakutabasamu.

"Kimetoka mu nyumba," akasema. "Hakijakufa. Kitaenda kule neno lenu lingali na kidonda. Kuna mutu mulimufukuza bila kumusikiliza?"

Kaswera akamtajia Umwiza.

"Basi uende leo."

Alitaka kwenda. Lakini Barthélemy alikuwa anangojea kipande cha programu walichomwahidi, na baada ya yote yaliyotokea walihitaji kumwonyesha kwamba timu ingali timu. Tena, ukweli ni kwamba aliona haya. Alijiambia ataenda kesho, akiwa ametulia, na maneno mazuri. Walifanya kazi mpaka giza, wakatuma, Barthélemy akapokea na kusifu. Ilikuwa siku yao njema kuliko zote tangu mvua zianze.

Siku ya pili asubuhi alimpigia Umwiza simu kabla ya kwenda. Umwiza alipokea haraka, kama aliyekuwa ameshika simu mkononi.

"Chef, si nimekuambia navaa viatu?"

Kaswera hakuelewa. Akasema hawajaongea tangu siku ile. Upande wa pili alisikia mtu akigonga lango la mabati, bila pupa, kisha sauti ya mwanamke ikiita jina la Umwiza. Ilikuwa sauti yake. Hata ile namna yake ya kuvuta mwisho wa jina.

"Umwiza, usifungue," akasema. "Ni miye njo Kaswera. Miye wa ku simu."

Umwiza alipumua. Alipoongea tena alinong'ona.

"Nitajuaje? Ule wa ku lango ameniomba musamaha. Weye bado."

Kaswera alifungua mdomo kulisema neno hilo, na simu ikakatika. Alipiga tena, ikaita bila kupokelewa. Alitoka mbio hadi barabarani, akapanda pikipiki ya kwanza, akamwambia dereva Munigi, upesi, na njia yote, katikati ya matope na honi, alikuwa akiuomba ule msamaha kwa sauti, peke yake, hata dereva akageuka kumtazama.

Lango lilikuwa wazi. Shangazi Léoncie alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage. Alimwona Kaswera, akatabasamu kwa uchovu kama mtu aliyefurahi kwamba ugomvi wa watoto umekwisha.

"Umesharudi, mama?" akasema. "Umwiza amesahau nini?"

Kaswera alimwuliza wameenda wapi. Mzee yule alishangaa swali, akanyoosha kidole nyuma ya nyumba, kule mawe meusi yanakoshukia katika bonde ambamo watu hawachungi mbuzi. Akasema, si mumepita pale sasa hivi, mumeshikana mikono?

Kaswera alikimbia hadi ukingoni. Chini hakukuwa na ndege wala mdudu, hewa tu iliyosimama, na ile harufu. Aliita jina la Umwiza kwa nguvu zake zote.

Kutoka bondeni, taratibu, bila pupa, sauti yake mwenyewe ikamjibu.

"Tuko huku."