Pole Iliyochelewa

Treni ya Tabora ilipoingia stesheni ya Mpanda, watu walisukumana mpaka mtandio wa njano wa Nyamizi ukanasa kwenye zipu ya begi la Baltazari.

"Dada, mbona unanifuata?"

"Nikufuate wewe? Nirudishie mtandio wangu!"

Wakacheka, wakapeana namba, na mwaka uliofuata Baltazari akawa anajiandaa kupeleka posa Kasekese, kwa wazazi wa Nyamizi.

Wiki hiyohiyo ya posa, iliyopangwa kwenda Jumamosi, mchana kweupe, Nyamizi alipita njia ya mkato ya Nsemulwa akitokea saluni. Wanaume wawili wa pikipiki wakampokonya simu, wakamburuza hadi gauni likachanika na kiwiko kikatoka damu. Alimpigia Baltazari kwa simu ya shoga yake, Leticia.

"Balta, nimeibiwa. Nimeumia."

"Ulipita ile njia ya mkato? Simu ulikuwa umeishika mkononi? Si nilikwambia, mpenzi?"

Simu ikakatwa. Baltazari alipopiga tena, alipokea Leticia. "Shem, anasema posa isiende."

Baltazari akajiuliza. Hakutukana, hakufoka; sasa kosa liko wapi? Kesho yake akaenda kumuuliza dada yake, Dafrosa, aliyekuwa anachambua maharage.

"Ulimpa pole?"

"Nilimuuliza kwanza ilikuwaje."

"Sisi mtu akijikwaa tu tunampa pole. Wako ametoka damu, wewe unamhoji?"

Ilimchoma. Njiani kwenda kwa Nyamizi akajichunguza kwa nini maswali yalimtoka kabla ya pole, na jibu halikumpendeza: aliogopa. Kama kosa lilikuwa la Nyamizi, basi Nyamizi akijihadhari tu hatadhurika tena, na yeye atalala usingizi wake.

Alimkuta Nyamizi uani kwake, kanga begani, kiwiko kina bandeji.

"Pole, mama. Pole sana. Ningeanza na hiyo."

"Simu niliishika mkononi, najua. Na njia ile sipiti tena, hilo ni langu. Lakini aliyeniburuza si mimi, Balta! Tangu jana naulizwa nilipita wapi, nilivaa nini. Nani ameniuliza habari za wezi?"

Kweli, nani? Baltazari akavuta kigoda, akakaa karibu naye.

"Walikuwaje hao watu?"

Nyamizi akamtazama, kisha machozi yakamtoka kwa mara ya kwanza.

"Yule wa nyuma," akasema, "alikuwa anacheka."

Akasimulia yote, na Baltazari hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza alijifuta uso kwa pindo la kanga.

"Jumamosi uchomekee shati," akasema. "Baba hapendi watu wa hovyohovyo."