Siku ya Roketi na Siku ya Ndama

Kila asubuhi Ristin hukata jibini vipande vidogo, huviweka kikombeni, kisha huvimwagia kahawa ya moto. Mumewe, Jovnna, hukaa kando ya jiko la kuni akitengeneza kamba za kunasia mifugo. Hao ni Wasami, wafugaji wa kulungu wa theluji huko kaskazini kabisa mwa Ulaya, ambako mwezi wa Aprili theluji bado inafika magotini.

Asubuhi hiyo ilikuja barua kutoka kituo cha utafiti wa anga. Ristin hakuifungua. Aliitumbukiza kwenye jiko, moto ukaila.

"Ya tatu hiyo," Jovnna alisema. "Siku moja utachoma barua ya urithi wako."

"Wale hawana adabu. Sina la kusema nao."

Kisa kilianza mwaka uliopita. Kijana wa kituo, jina lake Henrik, alikuja nyumbani kwao. Kabla hajamaliza kikombe cha kwanza cha kahawa, akauliza, "Mama, una kulungu wangapi?" Kwa Wasami swali hilo haliulizwi. Ni kama kumuuliza mtu ana akiba kiasi gani benki. Ristin aliinuka, akamfungulia mlango.

Mchana alipita jirani yao Aune, ambaye ni mpishi wa kituo.

"Mbona umetulia hivyo, mwenzangu?" aliuliza. "Roketi inarushwa tarehe kumi na nne Mei. Mabaki yake yataangukia bonde la kaskazini."

Ristin aliketi. Katikati ya Mei kulungu wake huzaa katika bonde hilohilo. Mama akishtushwa na mshindo hukimbia, na ndama wa siku moja hawezi kumfuata. Mwaka jana kulungu mmoja aliyezaa alishtushwa na pikipiki ya theluji. Ristin alimkuta ndama wake amekufa peke yake. Alimbeba mikononi hadi nyumbani, huku analia.

"Kwa nini hawakuniuliza?" alisema.

"Walikuuliza. Kwa barua."

Jovnna alikohoa, akalitazama jiko. Aune naye akalitazama jiko, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Sikiliza," alisema alipotulia. "Kabla ya kurusha roketi, kituo huwaandikia watu wote wanaotumia bonde. Kinataka kujua nani atakuwa wapi. Usipojibu, wanaandika kwamba bonde ni tupu. Kisha wanawaambia wenzao, wanasayansi wa nchi nyingine, nao wanafunga vifaa vyao na kuja. Vikishafika, kubadili tarehe ni kazi kubwa. Lakini kesho kuna mkutano wa majirani pale kituoni. Kila mtu anakaribishwa. Supu napika mimi."

"Yule kijana atakuwepo?"

"Atakuwepo."

"Basi siendi."

"Haya, usiende. Ndama watakuja kujisemea wenyewe."

Kesho yake Ristin alikwenda, ramani kwapani. Henrik alimpokea kwa woga, akampa fomu ya kujaza. Swali la kwanza lilikuwa: una kulungu wangapi?

Ristin alichukua kalamu, akalikata swali lile kwa mstari mnene. Juu yake akaandika: watakuwa wapi, na lini?

"Mwanangu," alisema, "hiyo idadi unaitakia nini?"

Henrik alifikiri. "Nijue kama bonde lina wanyama."

"Hata akiwa mmoja, bonde lina wanyama. Ukiniuliza wangapi, unanivua nguo mbele za watu. Ukiniuliza wapi na lini, nakujibu mpaka uchoke."

Uso wa Henrik uliiva kwa aibu. "Nisamehe, mama. Hakuna aliyenieleza."

"Na mimi nilikufukuza badala ya kukueleza. Barua zako nimezichoma zote, bora nikwambie."

Alitandaza ramani mezani, akachora duara. "Kuanzia tarehe tano Mei hadi mwisho wa mwezi, kulungu wote wanaozaa wako hapa. Juni tunahamia nao milima ya magharibi. Hapo bonde ni lenu."

Mwanasayansi kutoka Ujerumani, mama mmoja aitwaye Annegret, aliinama kuitazama ramani. Chombo chake cha kupima mawingu ya juu sana ndicho kitakachobebwa na roketi hiyo.

"Mawingu ninayoyatafuta yapo hata Juni," alisema. "Ningejua mapema, ningechagua Juni tangu mwanzo. Bahati nzuri vifaa vyangu bado sijavifunga."

Wakakubaliana tarehe ishirini Juni. Henrik aliahidi kumpigia Ristin simu wiki moja kabla, na tena siku moja kabla. Fomu iliandikwa upya palepale, na Ristin akawa wa kwanza kuijaza. Kisha akanywa supu bakuli mbili.

Tarehe kumi na nne Mei bonde lilikuwa kimya. Ristin alilala kifudifudi juu ya kilima, darubini machoni. Baada ya muda mrefu alitoa simu mfukoni. Hakuwahi kukipigia kituo hata siku moja.

"Henrik, ni Ristin. Amesimama."

"Nani amesimama, mama?"

"Ndama. Yuko chini ya tumbo la mama yake, ananyonya."

Kisha Ristin akamsikia akiwaambia wenzake, na chumba kizima kikapiga makofi. Ristin alitaka kucheka, lakini machozi yalimtangulia.

"Taratibu na makofi yenu," alinong'ona. "Mtamshtua mama yake."