Jicho la Chumvi

Uvumi ulimganda Wara tangu alipokuwa akiwafungulia lama, wanyama wao wa mizigo, zizini: mvua kubwa ingewahi mwaka huu, na kila rundo la chumvi lililobaki kwenye uwanda wa chumvi wa Uyuni lingeyeyuka. Marundo ya mama yake yalikuwa bado huko, na mama alikuwa kitandani na homa.

"Mama, nakwenda shule," alisema. Kumbe alikuwa ameficha koleo la kuchotea chumvi nje.

Binamu yake Fidelia akamwona. "Wee, siku hizi shule imehamia kwenye chumvi?"

"Funga mdomo wako! Ukisema, sikujui tena."

Manyunyu yalikuwa yameshaufunika uwanda kwa maji membamba. Mawingu yalikuwa juu na, kama kwenye kioo, yalikuwa chini. Wachota chumvi hufuata alama za magurudumu, maana hapo ukoko wa chumvi umeshindiliwa. Wara aliona njia ile inazunguka mno. Akakatiza.

Ukoko ukavunjika. Mguu ukazama ndani ya jicho la chumvi, mojawapo ya yale matundu yanayobubujika maji kutoka chini. Alipojivuta, kingo zilimeguka, na mguu wa pili ukafuata. Chumvi ilimchana mapaja. Kila alivyopapatika, tundu lilipanuka, hadi maji baridi yakamfika kifuani. Alipiga kelele, lakini nani angemsikia? Nani angemtafuta? Nyumbani walijua yuko darasani.

Sauti yake ilikuwa imekauka alipomwona mjomba Casimiro akija kwa baiskeli, Fidelia amepakiwa nyuma.

"Usijitikise, we mtoto!" Mjomba alilala kifudifudi, akaisukuma baiskeli mpaka ikalala juu ya tundu. "Shika fremu. Lala juu yake. Usisimame!" Akamvuta taratibu.

"Haya, sasa nikane," Fidelia alisema huku analia.

Nyumbani, mama alimfunga blanketi.

"Na chumvi yetu, mama?"

"Maji yakikauka, chumvi inaganda tena. Wewe ningekuokota wapi?" Kisha akawakalisha wote wawili. "Sikieni, na muwaambie wenzenu:

Usitoke kwenye alama za magurudumu.

Usikanyage panapotoka mapovu.

Usiende uwandani peke yako.

Ukizama, usijivute kwa nguvu.

Usimdanganye aliyebaki nyumbani kuhusu unakokwenda."