Tonge la Baba Monika

Mimi naitwa Gaudiosa. Naishi Malangali na mume wangu, Alphonce, na binti yetu Monika. Asubuhi tunalima, mchana tunakula ugali wa ulezi na mboga ya siku hiyo. Maisha ya kawaida tu.

Basi tangu mavuno yaishe, kila Baba Monika akila, tumbo linamjaa. Anabeua, anashika kifua, anajilaza mkekani.

"Mama Monika, umeweka nini humu?"

"Nimeweka kama jana."

"Na jana tumbo liliniuma!"

Nilichanganyikiwa. Mimi na Monika tulikula chungu hichohicho na tulikuwa wazima. Nikabadilisha unga. Nikapunguza mafuta. Nikaacha kupika dagaa. Wapi! Akaenda zahanati, wakampima, wakasema hana vidonda vya tumbo. Wakamwambia ale taratibu. Alirudi amefura.

"Hata kidonge hawakunipa! Eti kula taratibu. Kwani mimi mtoto?"

Kisha akasema neno lililonikata maini.

"Kuanzia kesho nakula kwa mama yangu. Chakula chako kimenishinda."

Kwa mama yake! Mtaa mzima ungesema nini? Sikulala vizuri. Kulipokucha nikamfuata Stumai, mhudumu wa afya wa mtaa wetu. Mchana akaja, akamkuta Baba Monika anavaa viatu.

"Shemeji, kula hapa leo tu, nikuone," Stumai alimwomba.

Mume wangu aliona aibu, akakaa. Akanawa mikono, akaweka simu gotini. Akakata tonge, akachovya, akameza. Akakata jingine, akameza. Macho yote kwenye simu. Monika alikuwa kwenye tonge la tatu, baba yake kashamaliza.

Stumai akauliza, "Shemeji, umekula mboga gani?"

Baba Monika akatazama bakuli lake. Tupu. Akanitazama mimi.

"Si... maharage?"

"Baba! Ni majani ya maboga!" Monika akacheka.

"Shemeji, hutafuni," Stumai akasema.

"Ugali unatafunwa? Ugali unamezwa! Kwetu Namanyere, kabla mama hajahamia huku, tulikuwa tisa kwenye sinia moja. Ukitafuna, unalala njaa."

"Na hapa mko wangapi?"

"Watatu."

"Nani anakunyang'anya?"

Akalichungulia tena bakuli lake tupu.

"Tumbo halina meno," Stumai akaendelea. "Ukimeza matonge mazima mbiombio, unameza na hewa. Tumbo linajaa, linauma. Weka simu mbali. Kata tonge dogo. Litafune mpaka lilainike. Ukishameza, ndipo ukate jingine. Shiba nayo inachelewa kufika, usiikimbie. Ila ukitapika damu, ukipata choo cheusi, au ukikonda bila sababu, wahi hospitali."

"Sasa muda wote huo mdomoni nitakuwa nafanya nini?"

"Utakuwa unakula, shemeji."

Jamani, siku za kwanza tulicheka! Mtu mzima anakaa na tonge shavuni, ananiuliza kwa macho kama ameze au asubiri. Mara anasahau, anameza zima, anajipiga paja. Lakini hakwenda kwa mama yake. Wiki ya pili kubeua kukapungua. Wiki ya tatu akala, akainuka, akachukua jembe lake.

Jumapili moja tulitoka kanisani, tukakaa kula. Baba Monika akatafuna, akasita, akakunja uso. Nikadhani maumivu yamerudi.

"Mama Monika, humu umeweka karanga?"

"Nimeweka."

"Umeanza lini?"

"Tangu uliponioa."

"Miaka kumi na mmoja?"

"Kumi na mmoja."

Akatafuna tena, polepole. Akameza.

"Tamu," akasema. "Nisamehe, mke wangu. Chakula chako kitamu."

Machozi yalinitoka mbele ya mtoto. Sikuyafuta. Nilichukua mwiko, nikamwongezea mboga.